Tivii Iliyojizima Saa Tatu na Dakika Arobaini

Jovitus Kahigwa, fundi wa tivii pale Kirumba, Mwanza, alikuwa na sheria moja ambayo hata mkewe Eugenia alishachoka kuisikia: mgonjwa huja hospitali. Haendi nyumbani kwa mtu. Ukitaka akutengenezee tivii, ifunge na shuka, ipakie kwenye bajaji, umletee. Atakusalimia vizuri, atakupa kiti, na kabla hujakaa sawasawa atakuwa ameshakueleza kwamba kuanzia mjini mpaka Usagara hakuna fundi mwingine ambaye kazi zake hazirudi. Ni Mhaya, basi tena. Ukimwambia ajishushe kidogo anakuuliza ajishushe aende wapi.

Lakini tuseme ukweli, majigambo mengine yana haki yake. Alishuka melini kutoka Bukoba akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, ana begi moja la nguo na bisibisi mbili alizopewa na mjomba. Akaanza na redio za wakulima wa pamba, akaja kwenye redio kaseti, akaingia kwenye tivii za chogo, zile nzito za kumvunja mtu kiuno. Zilipoingia tivii za flati, mafundi wengi wa rika lake walikunja meza wakarudi kulima. Kahigwa alikuwa na miaka arobaini na tano, na macho yameshaanza kuomba miwani. Alinunua flati mbovu tano akazifumua zote sebuleni, Eugenia akawa anapita na sufuria huku anaruka bodi na skrubu, na baada ya miezi minne tatu kati ya hizo tano ziliwaka. Mbili zilizobaki ziko chini ya kitanda mpaka leo. Yeye anasema zinasubiri spea.

Na alikuwa na utaratibu wake. Tivii ikishapona hairuhusiwi kuondoka siku hiyohiyo. Inawekwa juu ya meza, uso unatazama barabarani, inawashwa asubuhi mpaka jioni, siku mbili mfululizo. Wapita njia wanaangalia mpira bure, wauza samaki wanaweka beseni chini wanapumzika, na Kahigwa kaketi pembeni kajaa tele, ananywa kahawa. Ikivuka siku mbili bila kukohoa, ndiyo anampigia mwenyewe aje kuchukua.

Basi siku moja akaja Jitesh, mwenye duka la vitambaa mjini, nyuma ya gari lake kuna tivii ya inchi hamsini.

"Fundi, hii inajizima," alisema. "Inawaka vizuri kabisa, halafu paa! Imekufa. Ukisubiri kidogo inawaka tena. Mama yangu analia kila siku."

"Mama analia kwa ajili ya tivii?"

"Si tivii, fundi. Ngoja nikueleze."

Akamweleza. Mama yake, Champaben, ana miaka sabini na minane, na magoti yamegoma. Ngazi za hekalu la mjini hazipandi tena. Mjukuu wake Jay ndiye aliyepata akili ya kuunganisha tivii na intaneti, na sasa kila siku, saa tatu na nusu asubuhi, bibi anaona moja kwa moja hekalu la kule Gujarat walikotoka wazee wao. Pazia linafunguliwa, Mungu anaonekana amevikwa maua, makuhani wanazungusha taa, na yeye huku Mwanza anazungusha ya kwake. Ibada hiyo wanaiita aarti. Kwa Champaben hiyo tivii ndiyo hekalu, hana jingine. Sasa huu mwezi wa pili, pazia likifunguliwa tu, dakika kumi hazipiti, tivii inazima.

"Anasema Bhagwan amemfungia pazia," Jitesh alisema, na sauti ikamshuka. "Anasema Mungu hataki kuonwa naye. Kwamba kuna kosa alifanya. Ukimuuliza kosa gani, kimya. Chakula hali vizuri. Fundi, mimi pesa si tatizo, nataka mama yangu ale."

"Mwambie mama Mungu hashiki rimoti," Kahigwa alisema. "Ni kapasita."

Alikuwa hajaifungua bado.

Alipoifungua, kweli akakuta kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevimba vichwa. Akajipiga kifua peke yake. Kulikuwa na jambo jingine pia: tivii ilinukia samli na udi, na kwenye matundu ya chini ya kupumulia kulikuwa na masizi mepesi yanayoteleza kidoleni. Kahigwa akafuta na kitambaa. "Nyumba za Wahindi, kila kitu kinanukia samli," akajisemea, akaendelea na kulehemu. Kumbe dawa ya ugonjwa wote ilikuwa pale kidoleni mwake, na yeye anaifuta! Lakini mtu akishajua jibu, swali halisikii.

Ikakaa siku mbili mezani, haikuzima hata mara moja. Ikaenda nyumbani. Kesho yake Jitesh akapiga simu.

"Imejizima."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika arobaini."

Ikarudi. Kahigwa akalehemu upya kila kiungo kilichomtia wasiwasi, akaipuliza vumbi, siku mbili mezani, salama. Ikaenda nyumbani, ikajizima. Ikarudi mara ya tatu, na safari hii akang'oa bodi nzima ya umeme akaweka nyingine.

Siku ya kuichukua, Champaben mwenyewe alikuwamo garini, kajifunga shali ingawa jua lilikuwa kali. Kahigwa akamfuata dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama usoni muda mrefu. "Niambie kweli. Ni kapasita?"

"Ni kapasita, mama. Na bodi nimebadilisha. Imekwisha hiyo."

Bibi akatabasamu, mabega yakamshuka, kama mtu aliyeambiwa vipimo vyake viko salama. Akatoa kwenye pochi vipande viwili vya peremende za maziwa akamtia mkononi. Kahigwa alikula moja hapohapo na nyingine akampelekea Eugenia, na siku nzima alikuwa na raha.

Kesho yake, saa tatu na dakika arobaini, ikazima.

Mambo ya Kirumba hayana siri. Luhaga, fundi simu wa meza ya jirani, Msukuma mpole lakini mdomo wake haulali, alimwona Jitesh akiongea kwa mikono pale nje akajua tu. "Mzee Kahigwa," alisema, "naona ile kazi isiyorudi sasa imepanga chumba hapa." Watu wakacheka. Kahigwa naye akacheka, ila kicheko chake kiliishia menoni. Roho ilimuuma, na si kwa sababu ya Luhaga. Alikuwa amemwambia mama wa watu kwamba imekwisha, na yule mama alikuwa amemwamini.

Jioni hiyo hakugusa ndizi zake. Eugenia akamtazama wee, mwishowe akaweka kijiko chini.

"Mgonjwa wako akiwa hospitali ni mzima?"

"Mzima kabisa."

"Akirudi nyumbani anaugua?"

"Palepale."

"Sasa wewe daktari wa namna gani, usiyetaka kujua huko nyumbani anakula nini?"

Kahigwa akaiweka sheria yake pembeni. Akavuta sahani. Alikula ndizi zote, na asubuhi akatia mita ya kupimia umeme na bisibisi kwenye mfuko, akapanda mlima wa Isamilo kwenda kwa Jitesh, mara ya kwanza baada ya miaka mingi kwenda kumwona mgonjwa kitandani kwake.

Mlango ulifunguliwa na Rose, dada wa kazi, ambaye tayari alikuwa na uchunguzi wake.

"Fundi, shikamoo. Mimi nilishasema hii ni jini, hawanisikii."

"Marahaba. Jini gani anayejua saa?"

"Ndiyo hao wabaya," alisema Rose, akamwonyesha pa kuweka viatu.

Sebule ilikuwa safi, imefunguliwa madirisha yanayotazama mawe ya mlimani na, kwa mbali, ziwa. Tivii ilitundikwa ukutani. Kahigwa akaiwasha saa mbili kamili, akaketi mbele yake na mita mapajani. Akapima umeme wa ukutani, uko sawa. Akaangalia nyaya, ziko sawa. Taarifa ya habari ikapita, tamthilia ikapita, Rose akaleta chai ya maziwa yenye tangawizi ya kuchoma koo. Saa tatu ikafika na tivii ni nzima kama ng'ombe dume.

Saa tatu na nusu Champaben akaingia polepole, ameoga, amevaa sari nyeupe, anashika ukuta. Rose akabadilisha tivii, hekalu likatokea. Hapo ndipo Kahigwa alipoona kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumtajia, kwa sababu hakuna aliyedhani kinahusu ufundi. Chini ya tivii, karibu kabisa, palikuwa na kibao cha marumaru kilichopigiliwa ukutani. Juu yake kuna maua, sahani ya matunda, udi. Na katikati taa kubwa ya shaba inayong'aa kwa kusuguliwa, ya samli, yenye midomo mitano na tambi tano.

"Kibao hiki ni cha siku nyingi?" alimnong'oneza Rose.

"Jay alikipiga baada ya sikukuu yao ya Diwali, ili bibi asiwe anainama. Kina miezi miwili hivi."

Kengele zikalia kule Gujarat. Pazia likafunguliwa. Champaben akawasha tambi zote tano, akaizungusha taa mbele ya kioo huku akiimba kwa sauti nyembamba, na uso wake ulikuwa mzuri kuutazama, Kahigwa Mkatoliki akajikuta naye ametoa kofia. Kisha bibi akaiweka taa kibaoni, miali mitano ikisimama wima chini ya matundu ya tivii, akakunja mikono akawa anamtazama Mungu wake.

Kahigwa hakuhitaji mita tena. Alihesabu tu. Saa tatu na dakika arobaini haijafika vizuri, kioo kikawa cheusi.

Nimekupata! moyo wake ulipiga kelele. Nimekupata, mshenzi wewe! Zile dakika ndizo utamu wa kazi ya ufundi, hakuna pesa inayozifikia, na kidogo asimame acheze. Ndipo akamwona Champaben. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono bado imekunjwa, na machozi yanadondokea sari.

"Umeona, fundi?" alisema bila kugeuka. "Ananiangalia kidogo, ananikumbuka, anafunga."

Haya sasa, Kahigwa, mtu usiyekosa neno! Utamwambiaje mama mzima kwamba anayemfungia Mungu wake pazia ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa ile taa anayomwashia? Mwishowe akaacha maneno, akatumia mikono, maana mikono haijawahi kumwangusha.

"Mama, kwa ruhusa yako," alisema. Akavuta meza ndogo ya chai mpaka katikati ya sebule. "Naomba taa ikae hapa. Mimi si wa dini yako, sitaki kuigusa. Rose atusaidie."

Champaben akamtazama, akaitikia kwa kichwa. Rose akaihamisha. Kahigwa akaanza kuipepea tivii kwa kofia yake, chini pale kwenye matundu, anapepea kwa nguvu zote na jasho linamtoka, Rose anamshangaa. Dakika tatu, nne. Akabonyeza. Tivii ikawaka.

Pazia bado lilikuwa wazi. Makuhani wanazunguka, maua yanarushwa, watu wanasukumana wapate kuona. Champaben akajikokota mpaka kitini. Dakika tano zikapita, kumi, kumi na tano, tivii inaendelea kuwaka. Kisha kuhani mmoja mnene akaja taratibu, akashika kamba, akalifunga pazia.

"Leo kafunga kwa saa yake," bibi alinong'ona. "Mwenyewe kafunga, kwa saa yake."

"Mama," Kahigwa alisema, akachuchumaa karibu na kiti ili asimsemeshe kutoka juu, "tivii ina kitu ndani kinachopima joto. Joto likizidi, inajizima ili isiungue. Na joto la moto linapanda juu. Ni taa, mama. Hakuna zaidi."

Macho ya bibi yakaenda kwenye meza ya chai, yakakaa hapo.

"Taa hii?"

"Hiyohiyo."

"Sema tena, fundi."

"Ni taa hii, mama. Ndiyo inayofunga."

Kahigwa alitarajia acheke, au aone haya. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alijiegemeza, akapumua pumzi ndefu, na alipoanza kuongea alikuwa anaiambia ile taa.

"Hii ni ya mama yetu. Alikuja nayo melini toka India, hana kitu kingine cha maana. Mimi mkubwa, Manjula mdogo. Manjula ndiye alimtunza mama Sengerema mpaka mwisho. Anamwogesha, anamlisha, miaka sita. Mama akasema mbele ya wote, taa ya Manjula. Alipokufa, mimi nikasema, mkubwa ni mimi. Nikaifunga kwenye taulo nikavuka nayo kivuko pale Busisi, Manjula yuko jikoni anapikia wageni wa msiba." Akafuta uso kwa ncha ya sari. "Miaka kumi na moja hatuongei. Kwenye harusi tunapeana mgongo."

Rose alikuwa amesimama na sinia, hajui aondoke au abaki.

"Tivii ilipoanza kufunga, mimi nilijua, fundi. Siku ya kwanza nilijua. Nilikuwa naomba tu wewe uniambie ni kapasita. Kila ukisema kapasita, nilifurahi. Nikasema, basi si mimi." Akamgeukia sasa, na macho yake yalikuwa na maji na kicheko kwa pamoja. "Na wewe umekuja na mita yako mpaka nyumbani kwangu, unasema ni taa!"

"Mama, mimi nimesema mambo ya joto tu," Kahigwa alisema. "Isogeze tu. Hatua mbili kutoka ukutani, hutaiona ikizima tena mpaka unazeeka."

"Nimeisogeza vya kutosha, mwanangu. Toka Sengerema mpaka hapa."

Akamwomba Rose simu na kile kidaftari cha namba. Kahigwa akaanza kukusanya bisibisi zake upesi upesi, maana kuna mambo mgeni hapaswi kuyatazama, lakini bibi alimshika mkono wa shati. "Kaa. Nikishindwa kusema, wewe utamweleza mambo ya joto."

Rose akapiga, akamwekea sikioni. Simu iliita sana. Ikapokelewa. Champaben akasema neno moja tu, jina la mdogo wake, na sauti ikakatika katikati. Upande wa pili palikuwa kimya, kimya cha kumfanya Kahigwa aangalie vidole vyake vya miguu na kumwomba Bikira Maria wa Wahaya wote. Bibi akaongea tena, Kigujarati cha harakaharaka, mkono mmoja unaonyesha taa kana kwamba Sengerema wanaiona. Akasema Jumamosi, hilo Kahigwa alilisikia, na akasema daraja, lile jipya lililochukua nafasi ya kivuko cha Busisi.

Ndipo sauti ikalipuka humo simuni. Sauti ya bibi kizee mwenye hasira, kali, ndefu, isiyopumua, mpaka Champaben akaiondoa simu sikioni akaishika mbali, na sebule nzima ikaisikia. Kahigwa hakuelewa hata neno moja, ila tusi hata likiwa la Kichina mtu hulijua. Akaona kazi imeharibika. Akainuka nusu.

Lakini Champaben alikuwa analia huku anacheka, mabega yanamtikisika, ameishika simu kwa mikono miwili.

"Ananitukana, fundi," alisema. "Unasikia? Miaka kumi na moja hajanitukana."